Moksa: mke alichoma jani, mume alilikamua

Katika karne ya 4, kusini mwa China, waliishi mume na mke ambao wote walikuwa watu wa tiba. Mume ni Ge Hong. Aliandika kitabu cha tiba za dharura, kidogo kiasi cha msafiri kukitia ndani ya mkono wa joho lake akaondoka nacho. Mke ni Bao Gu, na sifa yake ilikuwa moto. Alichuma mmea wa jamii ya pakanga uliokuwa ukiota kwenye kilima cha Yuexiu huko Guangzhou, akakausha majani, akayasokota vidonge na kuviwasha juu ya ngozi ya mgonjwa. Tiba hiyo ndiyo moksa. Anakumbukwa zaidi kwa kuondoa chunjua. Kilimani hapo kuna hekalu la Sanyuan, ambalo mpaka leo linamtaja kwa heshima.

Kitabu cha mume kina mstari mmoja juu ya homa zinazokuja na kuondoka. Chukua konzi ya qinghao, mmea mwingine wa jamii ya pakanga, unasema, loweka kwenye maji, kamua, kunywa yote. Zaidi ya miaka 1,600 baadaye mwanasayansi Tu Youyou wa Beijing alikuwa amekwama. Kundi lake lilikuwa likitafuta dawa ya malaria katika maandishi ya kale, na maji ya qinghao waliyoyachemsha yalikuwa leo yanafanya kazi, kesho yanagoma. Aliporudi kwenye mstari wa Ge Hong akaona jambo ambalo lilikuwa limepitwa: hapana kuchemsha. Akabadili njia, akatumia etha, ambayo huchemka kwenye nyuzi joto 35 tu, na Oktoba 1971 sampuli namba 191 ikaua vimelea vyote vya malaria katika panya wa maabara. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Sisi huku tunda la mstari ule tunalijua kwa jina la mseto. Nyumba ambayo haijawahi kuwa na pakiti ya mseto, iwe Tanga, Kisumu au Jinja, ni ya kutafuta kwa tochi.

Jani la mume liliharibiwa na joto. Jani la mke, likikosa joto, halina kazi. Mimea yote miwili ni ya jenasi moja, Artemisia, ambayo kwetu huitwa pakanga. Lakini mmoja umefika kwenye zahanati ukiwa umepimwa kwa miligramu, na mwingine ungali unabishaniwa: wapo wanaosema moksa inatibu kila kitu, na wapo wanaosema ni moshi mtupu.

Mimi siamini kwamba tofauti hiyo imetoka kwenye jani. Imetoka kwenye swali. Qinghao iliulizwa swali jembamba: unaua kimelea hiki au huui, na kwa kiasi gani? Swali la namna hiyo mtu yeyote mwenye maabara anaweza kulirudia na kuona jibu kwa macho yake. Moksa imeulizwa kwa jumla na imejibu kwa jumla. Je, inatibu? Inatibu nini, kwa nani, ikiwekwa wapi, kwa dakika ngapi, ikilinganishwa na nini? Nashikilia kwamba tiba hii inastahili kukatiwa maswali madogo, na kwamba pale yalipokatwa, majibu yamekuwa na maana, hata yalipokuwa hapana.

Kwanza tuishike mkononi, maana wengi wanaibishania bila kuiona.

Mmea wenyewe Wachina huuita ai. Majani yake juu ni ya kijani, chini yana weupe wa vinyweleo vidogo sana, na vinyweleo hivyo ndivyo mali. Huchumwa karibu na sikukuu ya siku ya 5 ya mwezi wa 5 wa kalenda yao ya mwezi, siku ambayo familia hutundika matawi ya ai mlangoni. Majani hukaushwa na kuwekwa. Yaliyo mabichi yana mafuta mengi yanayoruka, huwaka kwa ukali na kuunguza. Yaliyokaa yanatoa moto mpole. Ndiyo maana mwanafalsafa Mengzi, karne ya 4 kabla ya Kristo, alipotaka kumsema mtu aliyechelewa kujiandaa, alisema ni sawa na mgonjwa wa miaka 7 anayeanza leo kutafuta ai ya miaka 3. Aliwezaje kutumia mfano huo kama watu wa mtaani hawakuujua? Tiba hiyo ilikuwa tayari ni ya kila nyumba.

Baada ya hapo majani hutwangwa na kuchekechwa, hutwangwa tena na kuchekechwa tena. Vumbi la kijani linaanguka, vijiti na mishipa ya jani vinatupwa, na kinachobaki ni kitu kama sufi, ile ya kujazia mito. Kilo 3 za majani zinaweza kutoa kilo 1 ya moksa ya kawaida. Ile ya daraja la juu, laini, yenye rangi ya dhahabu iliyofifia, inaweza kudai hata kilo 30 za majani kwa kilo 1. Ukiibinya kati ya vidole inashikana yenyewe. Unaweza kuifinyanga iwe na umbo la pia ndogo, ya ukubwa wa kokwa ya tende, au ndogo zaidi, kama punje ya mchele, ikasimama juu ya ngozi bila kitu cha kuishikiza. Ukiigusa ncha kwa kijiti cha ubani chenye kaa, haitoi mwali. Inafuka taratibu kutoka juu kwenda chini, na joto linamfikia mgonjwa hatua kwa hatua, likianza kama fununu na kuishia kama mchomo. Harufu yake ni nzito, ya majani machungu yanayoungua, na hukaa kwenye nguo mpaka kesho yake.

Wilaya ya Qichun mkoani Hubei ndiyo inayosifiwa kwa ai bora. Hapo alizaliwa Li Shizhen, tabibu wa karne ya 16 aliyekusanya kamusi kubwa ya dawa za China. Neno moksa, hata hivyo, si la Kichina. Ni la Kijapani, mogusa, na lilipelekwa Ulaya katika miaka ya 1670 na mchungaji Mholanzi Hermann Buschoff, aliyekuwa Batavia, Jakarta ya leo. Alikuwa akiteswa na jongo mpaka mganga mmoja mwanamke wa huko alipomchoma miguuni kwa vidonge hivi, naye akaandika kitabu kueleza nafuu aliyoipata.

Njia za kuitumia ni nyingi. Kuna ile pia ya moksa inayowashwa juu ya kipande cha tangawizi kilichotobolewatobolewa, na kuna inayowekwa juu ya kitovu kilichojazwa chumvi. Kuna kijiti kama sigara nene, ambacho mtabibu hukishika sentimita 3 hivi juu ya ngozi, akikizungusha au akikidonoa kama ndege anavyodonoa mtama. Kuna inayofungwa kwenye kitako cha sindano ya akupancha, ile tiba ya Kichina ya kudunga mwili sindano, ili joto lishuke kwa chuma. Na kuna ile ya zamani, ya kuacha moto uteketee juu ya ngozi tupu mpaka pawe na malengelenge, usaha na kovu. Sun Simiao, tabibu mkubwa wa karne ya 7, aliandika kwamba afisa anayesafiri nchi za joto na mabwawa asiache kuwa na vidonda viwili vitatu vya moksa ambavyo havijapona, ili maradhi ya huko yasimpate. Kwa macho ya leo ni kumjeruhi mtu mzima kwa hiari, na sioni sababu ya kuitetea. Nchini China wenyewe walikuwa na mashaka: mwaka 1822 mfalme Daoguang aliondoa sindano na moto katika taasisi ya matabibu wa ikulu, kwa hoja kwamba vitu hivyo havifai kugusa mwili wa mfalme.

Msomaji wa pwani hapa ataikumbuka hadithi iliyomo katika Bukhari, inayotaja ponyo katika asali, katika kuumika na katika kuchoma kwa moto, na Mtume (S.A.W.) akaukataza umma wake huko kuchoma. Kijiti kinachopasha bila kuunguza ni kitu kingine kabisa na ile pia inayoacha kovu, na anayeuliza hukumu aeleze kwanza ni ipi anayoisema.

Moto huu una umri mkubwa. Mwaka 1973, katika kaburi la Mawangdui huko Changsha, lililofungwa mwaka 168 kabla ya Kristo, wachimbuaji walikuta vitambaa vya hariri vilivyoandikwa mambo ya tiba. Vinaeleza njia 11 za mwili na namna ya kuzichoma kwa moto mtu anapougua. Sindano hazitajwi. Baadaye vikaja viwili hivyo kuunganishwa, na mpaka leo neno la Kichina ambalo dunia hulifasiri "akupancha", zhenjiu, lina silabi mbili: sindano na moto. Dunia ilichukua ya kwanza ikaiacha ya pili.

Kwa nini moto? Kwa matabibu wale, baridi ni adui anayeingia mwilini, anayekaa kwenye viungo na kuzuia kinachopaswa kutembea. Mswahili hahitaji kufundishwa hili. Ugonjwa wa viungo tunauita baridi yabisi. Mtu anasema ameingiwa na baridi kifuani, na mama aliyejifungua hukandwa kwa maji ya moto asije akakaa na baridi tumboni. Bibi yangu alikuwa na kitambaa cha kaniki alichokifungia chumvi ya mawe, anaikaanga kwenye chungu, anaifunga, anajaribu kwanza kwenye kifundo cha mkono wake, ndipo anakuwekea kiunoni. Sijui mtu yeyote katika familia yetu aliyewahi kubisha kwamba ile chumvi ilisaidia. Hakuna aliyesema inatibu kisukari pia.

Na mwili una sababu zake za kuitikia. Joto hupanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi na kulegeza misuli iliyokaza. Katika ncha za neva kuna lango ambalo hufunguka joto linapofika kama nyuzi 43, na lango hilohilo hufunguliwa na ukali wa pilipili. Ugunduzi huo ulimpatia David Julius wa Marekani sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Neva zikipata habari hiyo, habari ya maumivu ya zamani inaweza kusukumwa pembeni. Kwa hiyo nikisikia mtu amepata nafuu ya goti au ya mgongo kwa moksa, sina sababu ya kumwita mwongo. Swali linalobaki ni kama ai inazidi chupa ya maji ya moto, na kama kuna tofauti kuiweka hapa au vidole vinne pembeni. Watafiti wametengeneza moksa za bandia, zinazofuka na kunukia kama za kweli lakini zina kizuizi chini kinachozuia joto, ili waweze kulinganisha. Ni kazi ngumu. Anayepokea huwa na ngozi inayomwambia ukweli.

Swali dogo lililoulizwa vizuri zaidi kuliko yote ni la mtoto aliyekaa vibaya tumboni.

Kwenye kona ya nje ya ukucha wa kidole kidogo cha mguu kuna nukta inayoitwa zhiyin. Mapokeo yanasema ukiipasha moto kwa mama ambaye mtoto wake ametanguliza makalio, mtoto atageuka. Ukilisikia mara ya kwanza linaonekana ni jambo la kuchekwa: kidole cha mguu na mtoto tumboni wapi na wapi? Lakini ni swali linalopimika, maana siku ya kujifungua mtoto ama ametanguliza kichwa ama hakutanguliza. Mwaka 1998 jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha utafiti wa Francesco Cardini na Huang Weixin uliofanyika mkoani Jiangxi. Wanawake 260 wenye mimba ya kwanza, wiki ya 33, watoto wote wametanguliza makalio, waligawanywa kwa kura: 130 walipashwa moto kidoleni, 130 walifuatiliwa tu. Ilipofika wiki ya 35, watoto 98 wa kundi la moksa walikuwa wamegeuka, na 62 wa kundi la pili. Siku ya kuzaliwa ilikuwa 98 kwa 81, ingawa kwenye kundi la pili wanawake 24 walikuwa wamesaidiwa kugeuziwa mtoto kwa mikono ya daktari, na kwenye la kwanza mmoja tu.

Cardini hakuishia kusherehekea. Akaenda kurudia nchini kwake, Italia, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalikuwa ya kuvunja moyo: kati ya wanawake 65 wa moksa waligeuka watoto 22, kati ya 58 wa upande wa pili waligeuka 21. Utafiti ulikatishwa kabla ya muda kwa sababu wanawake hawakuendelea na tiba. Walilalamikia harufu, kichefuchefu, koo kukereka. Nampenda mtafiti huyu kwa hilo: aliichapisha hapana yake pale pale alipoweza kuificha. Tafiti nyingine zikafuata katika nchi mbalimbali, na mapitio ya mwaka 2023 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima tafiti za tiba, yaliyozikusanya pamoja, yanasema kwamba moksa ikiongezwa kwenye huduma ya kawaida huenda ikapunguza idadi ya watoto wanaofika siku ya kuzaliwa wakiwa hawajatanguliza kichwa. Wameandika "huenda", na mimi nalibakiza neno hilo hapa kwa makusudi. Faida ni ndogo. Lakini kwa mama ambaye anaelekea kupasuliwa, hata faida ndogo ni jambo la kuzungumza na mkunga wake, mradi tu isimcheleweshe kufika hospitali.

Afrika Mashariki nayo imeuliza swali lake. Japani alikuwepo daktari Hara Shimetaro, aliyezaliwa mwaka 1882, ambaye alichunguza moksa na kifua kikuu kwa wanyama wa maabara kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, enzi ambazo ugonjwa huo haukuwa na dawa. Alijichoma mwenyewe vipia vidogo kwa miaka mingi, akafariki mwaka 1991 akiwa na miaka 108. Umri wa mtu mmoja si ushahidi, ila kazi yake ilibaki, na shirika la Uingereza linaloitwa Moxafrica liliifufua likauliza: mgonjwa wa kifua kikuu akiendelea na vidonge vyake kama kawaida, kisha kila siku akachoma vipia vya ukubwa wa punje ya mchele chini ya goti, kwenye nukta ya zusanli, hali yake itabadilika? Walishirikiana na Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kwa wagonjwa 180. Ninachokitilia mkazo ni muundo wake. Hakuna aliyenyimwa dawa. Moksa iliwekwa juu ya tiba, haikuwekwa mahali pa tiba. Wagonjwa 180 ni wa kulifungulia swali mlango, hawatoshi kulifunga, na yeyote anayesimama jukwaani kusema moksa inatibu kifua kikuu anawasingizia watafiti wale jambo ambalo hawakulisema. Bakteria wa kifua kikuu huuawa na dawa, miezi 6, kila siku, bila kuruka.

Nairobi pia ina nafasi yake katika habari hii. Novemba 2010 kamati ya UNESCO ya urithi usioshikika ilikutana katika jiji hilo, na hapo ndipo akupancha na moksa za China ziliingizwa kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Nafurahi kwamba ilikuwa kwetu. Ila orodha ile inahifadhi maarifa na desturi, kama inavyohifadhi ngoma na ususi. Haisemi kitu juu ya uponyaji. Nimeona tangazo la ukutani lenye nembo ya UNESCO juu, na chini yake safu ya maradhi: presha, kisukari, ugumba, nguvu za kiume, vidonda vya tumbo, kansa. Kwa mtu ambaye amechoka kuzunguka hospitalini, safu hiyo ni tumaini, na tumaini lake linauzwa kwa bei. Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Si kwa Wachina. Madaktari kutoka Jiangsu wamekuwa wakija Zanzibar tangu 1964, na wengi visiwani wanajua deni walilonalo kwao. Hasira yangu ni kwa yeyote, wa taifa lolote, anayechukua kitu chenye kazi tatu nne na kukipachika kazi thelathini, kwa sababu anaiharibia jina hata ile kazi ambayo kweli kinaiweza.

Tena moshi si baraka. Jani lolote linaloungua hutoa chembe laini zinazoshuka mapafuni, na ai haijapewa msamaha. Sisi tuliokulia kwenye majiko ya kuni tunajua macho ya mama zetu yalivyokuwa. Chumba cha moksa kisicho na dirisha wala feni ya kutolea hewa hakimfai mwenye pumu, na mhudumu anayekaa humo kutwa nzima anavuta kuliko mgonjwa yeyote.

Na joto lina hesabu yake isiyobembelezwa. Ngozi ya mtu huungua kwa nyuzi 44 ikikaa nazo saa 6, na kwenye nyuzi 60 ni suala la sekunde. Kinachotulinda baina ya namba hizo mbili ni maumivu. Tunaruka, tunasema tosha. Mtabibu anayeshika kijiti cha moksa kazi yake yote imejengwa juu ya neno hilo moja la mgonjwa. Sasa mgonjwa asiyehisi atasema nini?

Shangazi yangu anaishi Tanga na ana kisukari kwa zaidi ya miaka 10. Miaka miwili iliyopita miguu ilianza kumfa ganzi. Alisikia kuna kliniki moja inayotumia moto wa Kichina, akaenda bila kuniambia. Walimlaza, wakamwekea juu ya mguu kisanduku cha mbao chenye vipande vya moksa ndani, wakatoka. Alikaa humo karibu nusu saa. "Nilidhani moto wenyewe mdogo," aliniambia baadaye, "kumbe mimi ndiye sisikii." Jioni mguu ulikuwa na lengelenge pana kama kiganja cha mtoto. Lilipasuka, likawa kidonda, na kidonda cha mwenye kisukari mnakijua. Miezi minne ya kusafisha na kufunga, dawa za kuua vijidudu, usiku wa kuogopa neno "kukata". Mguu ulipona, namshukuru Mungu. Katika kliniki ile hakuna aliyekuwa amemuuliza swali la kwanza kabisa: mama, una sukari?

Sitaki kliniki za namna hiyo zifungwe kwa hasira. Nataka wizara za afya zetu ziwatake wamiliki wake mambo ya wazi. Mgonjwa aulizwe juu ya kisukari na ganzi kabla kiberiti hakijawashwa, mhudumu asitoke chumbani moto ukiwa juu ya mtu, chumba kiwe na hewa, na tangazo la ukutani libaki na yale tu ambayo mwenye kliniki anaweza kuyatolea ushahidi. Mkunga aliyesomea afundishwe habari ya kidole kidogo cha mguu pamoja na "huenda" yake. Na vyuo vyetu, ambavyo vina wagonjwa wa magoti na migongo kuliko vinavyoweza kuwahudumia, viulize swali la chumvi ya bibi yangu na moksa ya Bao Gu kwa pamoja, kwa kura, kwa rula ya maumivu na kwa daftari. Gharama yake ni ndogo kuliko ya tafiti nyingi zinazofanywa kila mwaka. Wachina walipoliuliza jani la mume kwa makini, watoto wetu waliacha kufa kwa homa kama walivyokuwa wakifa. La mke nani ameliuliza huku, ukiondoa wale wa Kampala?

Masika ya mwaka huu nilikwenda Tanga. Mvua ilikuwa imekaa siku tatu, na magoti ya shangazi yalikuwa yamekaza hata kwenda msalani alijishika ukutani. Nilipomwamkia hakuwa na haraka ya kuniitikia. "Mwanangu," alisema, "hivi ule moto, kwa magoti haya tu, hauwezi kunifaa? Mguu siwapi tena."

Nikachemsha maji. Nikaloweka kitambaa, nikakikamua, nikakijaribu kwenye kifundo changu kama bibi, nikamwambia afumbe macho na aseme kila anaposikia joto. Nikamgusa goti la kulia. "Moto," akasema. La kushoto. "Moto, vizuri." Nikashuka kwenye muundi. "Vuguvugu." Nikakikunja kitambaa, nikakiweka juu ya unyayo wake, nikakiacha hapo nikihesabu kimoyomoyo.

Akanyamaza kidogo, macho bado ameyafumba.

"Umeshaweka?" akaniuliza.